Kompyuta inasomaje maandishi ya intaneti mpaka "ikajua" vitu?

Kuna kauli mbili zinarudi kila AI ikitajwa na zote mbili zinapotosha. Ya kwanza, eti imesoma intaneti nzima kwahiyo inajua kila kitu. Ya pili, eti hamna kitu pale, inasachi tu Google alafu inapanga majibu vizuri. Ukimuuliza anayesema hivyo "sawa, sasa hiyo kompyuta inasomaje mpaka ijue?" anakwama, na simlaumu, maana wengi wanaoiongelea AI wanakimbilia kutisha watu au kuwaahidi makubwa, kitu chenyewe kinavyofanya kazi hakielezwi. Ngoja nieleze taratibu, toka mwanzo, bila hesabu.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno manne. Data ya mafunzo ni maandishi ambayo kompyuta inapewa ijifunzie. Modeli ni kile kinachobaki baada ya kujifunza, na ni lundo kubwa la namba, ukilifungua hutakuta humo sentensi hata moja. Mafunzo ni ile kazi ya kuzirekebisha hizo namba. Na kipande, hili nitalitumia sana, ni neno au sehemu ya neno, kwasababu modeli za siku hizi hazimezi neno zima zima, neno refu kama "hatukuwatembelea" linakatwakatwa kwanza ndo linaingia.

Zamani watu hawakuwaza kabisa habari ya kompyuta kujisomea, waliwaza kuiandikia. Mwaka 1984 Mmarekani Doug Lenat alianzisha mradi unaitwa Cyc, na wazo lake lilikuwa tukae chini tuandike kwa mkono yale yote ambayo mtu mzima anayajua bila kufundishwa darasani, mambo ya aina ya kwamba mtu hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwamba mama ana umri mkubwa kuliko mtoto aliyemzaa, kwamba maji yakimwagika yanalowesha, na kila kimoja kiandikwe kwa lugha ya kimantiki ambayo mashine inaweza kuifuata. Ilifanyika hiyo kazi miaka na miaka, zikaingizwa kauli mamilioni, na bado haikutosha kwasababu vitu tunavyovijua bila hata kujijua kwamba tunavijua havina mwisho. Sasa wakati hilo linaendelea watu wanazidi kuandika mtandaoni, kila siku, kila kitu. Swali likaja lenyewe: kwanini kompyuta isijisomee?

Ila itasomaje wakati lugha haielewi?

Hapa kuna ujanja ambao mimi naupenda sana kwa jinsi ulivyo rahisi. Mwaka 1992 mtafiti anaitwa Marti Hearst alionyesha kwamba sio lazima uelewe sentensi nzima, inatosha kuzijua njia chache ambazo watu hupenda kuzitumia kutaja vitu. Chukua sentensi kama hii: "miji mikubwa kama vile Cairo, Tokyo na London ina shida ya foleni." Hata kama hujawahi kusikia Cairo, hata foleni hujui ni nini, yale maneno "miji mikubwa kama vile" yameshakuambia kwamba vinavyofuata ni miji. Basi unatengeneza programu ndogo, inapita kwenye mamilioni ya kurasa ikitafuta "kitu fulani kama vile A, B na C", na kila ikikuta inaandika pembeni: A ni kitu fulani, B ni kitu fulani. Haijaelewa lolote, lakini ilichoandika mara nyingi ni kweli.

Mwaka 1998 Sergey Brin, mwaka uleule ambao yeye na Larry Page walianzisha Google, aliupeleka ujanja huo mbele zaidi. Alianza na vitabu vitano tu na majina ya waandishi wake. Programu ikatumwa ikatafute kwenye kurasa popote ambapo jina la kitabu na jina la mwandishi wake yamekaa jirani, iangalie katikati yake kuna nini, kushoto kuna nini, kulia kuna nini. Ikikuta mtindo mmoja unajirudia sehemu nyingi, tuseme jina la kitabu, alafu "kilichoandikwa na", alafu jina la mtu, basi inauchukua huo mtindo na kurudi nao tena kwenye kurasa kutafuta vitabu vingine ambavyo haikuambiwa. Hivyo vipya vinaleta mitindo mipya, mitindo mipya inaleta vitabu vipya tena, mzunguko unaendelea. Kutoka vitabu vitano ikafika zaidi ya 15,000.

Sasa hapa ndo pa kushika, maana mengine yote yanaanzia hapa. Katika mzunguko wote huo hakuna mahali ambapo programu ilienda kukiangalia kitabu chenyewe kama kipo na kimeandikwa na nani. Iliamini kwasababu ilikuta imeandikwa, na iliamini zaidi kwasababu ilikuta imeandikwa kwingi. Kurudiwa ndo ushahidi wake. Mbinu zimebadilika sana toka mwaka huo ila hiki hakijabadilika.

Mfano mzuri kuliko yote wa hii kazi ni mashine iliyoitwa NELL, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon Marekani, chini ya profesa Tom Mitchell. Iliwashwa Januari 2010 na ikaachwa isome kurasa za Kiingereza usiku na mchana bila kuzimwa. Mwanzoni ilipewa makundi 123, miji, makampuni, wanariadha, mimea na kadhalika, kila kundi na mifano kama 10 au 15 tu ya kuanzia, na mahusiano 55 ya aina ya "mtu fulani anachezea timu fulani". Ndani ya siku 67 ilikuwa imeshakusanya kauli zaidi ya 242,000, na walipoipima wakakadiria kwamba asilimia 74 zilikuwa sahihi. Kwa mashine iliyojisomea yenyewe hiyo ni kazi kubwa, ila igeuze uone upande wa pili, katika kila kauli nne moja ilikuwa uongo, na mashine haikuwa na habari.

Na uongo wake ulikuwa na mantiki yake. Kwa Kiingereza neno cookies ni biskuti, na hilohilo ndo jina la vile vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye brauza yako ili ukirudi ikukumbuke. NELL ilikuwa na kundi la vitu vya kuokwa, mikate, keki na biskuti, na ilikuwa inaenda nalo vizuri tu mpaka siku ilipoziingiza cookies za intaneti humo ndani. Baadae ikakutana na sentensi ya mtu anayesema amefuta cookies zake za intaneti, alafu ikakutana na nyingine mtu anasema amefuta mafaili yake, ikaona sentensi zimefanana, ikahitimisha kwamba mafaili nayo huenda ni vitu vya kuokwa. Angalia jinsi ilivyoenda: kosa la kwanza halikukaa peke yake, liligeuka kuwa mwalimu wa kosa la pili. Kwenye mzunguko wa aina ile ya vitabu hii ndo hatari kuu, inateleza kidogo, kinachoteleza kinaingia kwenye mfano, mfano unazaa mteremko zaidi.

Kinga waliyoiweka Mitchell na wenzake ni ya akili sana. Waliifanya ijifunze makundi yote kwa pamoja na wakaiwekea mipaka baina yao, jiji haliwezi kuwa mtu, na kama unasema A ni mkurugenzi wa B basi lazima A iwe mtu na B iwe kampuni, kwahiyo kauli mpya ikija inakaguliwa na zile zilizopo. Na pale iliposhindikana binadamu waliingia dakika chache wakafuta. Hilo neno kufuta lina uzito. NELL ilikuwa na daftari, unafungua, unakuta kauli, unaona iliitoa wapi, ina uhakika kiasi gani nayo, ukiona ni ujinga unaifuta na imefutika. Nalisema hili kwa kulimaanisha kabisa, hiki ni kitu tulichokuwa nacho na kwenye AI za sasa tumekipoteza.

Sababu ya kukipoteza ni kwamba wataalamu waliamua kuachana na daftari kabisa. Wazo jipya halikuwa jipya sana, mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alishaandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa maneno linalotembea nayo. Mwaka 2013 watafiti wa Google wakiongozwa na Tomas Mikolov wakaonyesha kwamba ukiifanya kompyuta ibashiri maneno jirani kwenye maandishi mengi mno, kila neno linapata safu yake ya namba, na maneno yenye maana za karibu yanajikuta na namba za karibu bila mtu kuyapanga. Mwaka 2017 watafiti wengine wa Google wakaleta muundo unaoitwa transfoma, ambao unaiwezesha modeli kuangalia maneno yote ya kifungu kwa pamoja na kupima lipi lina uhusiano na lipi. Karibu chatboti zote (programu za AI unazoongea nazo kwa maandishi, kama ChatGPT) unazozijua leo zimejengwa juu ya muundo huo.

Mafunzo yenyewe yanaenda hivi. Modeli inapewa sehemu ya maandishi ambayo mwisho wake umefichwa, mfano "mji mkuu wa Ufaransa ni", na kazi yake ni kubashiri kinachofuata. Mwanzoni namba zake ni za ovyo kabisa kwahiyo inabashiri ovyo, labda "meza". Jibu la kweli linajulikana kwasababu lipo kwenye maandishi, ni Paris. Basi kila namba ndani ya modeli inasogezwa kidogo sana, kwenda upande ambao ungefanya "Paris" iwe na nafasi kubwa zaidi kidogo. Kisha sentensi nyingine. Na nyingine. Ndo hivyo tu, mabilioni na mabilioni ya mara. Hakuna mtu aliyeiambia kwamba kuna nchi na nchi zina miji mikuu, ila kwavile kuijua miji mikuu kunasaidia kubashiri, namba zinajipanga kwa namna inayobeba huo ujuzi, na kwavile kujua sarufi kunasaidia kubashiri sarufi inaingia, na kwavile kujua kujumlisha kunasaidia pale panapoandikwa hesabu, kidogo kidogo nako kunaingia. Mimi hili bado linanishangaza kila nikilifikiria, kwamba kazi moja rahisi ya kubashiri kipande kinachofuata inatosha kuvuta ndani vitu vyote hivyo.

Sasa turudi kwa wale wa "imesoma intaneti nzima". Haijasoma. Kwanza kurasa zinazohitaji nywila kwa kawaida hazifikiwi, na chanzo kikubwa cha maandishi kwa modeli nyingi ni mkusanyo wa kurasa za wazi unaitwa Common Crawl, wa shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2007, nao huchujwa sana kabla ya kutumika. Pili watengenezaji wanachagua nini kisomwe mara ngapi. GPT-3, modeli ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2020, ilipitishwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza zaidi ya mara tatu huku ule mkusanyo wa Common Crawl uliochujwa haukupitiwa hata mara moja kamili. Unaona kurudiwa kunarudi tena? Safari hii ni binadamu anayeamua kipi kirudiwe, kwa kuona kwamba Wikipedia ina uzito zaidi.

Na wale wanaosema imekariri kila kitu nao wapige hesabu ndogo. Llama 3 ya kampuni ya Meta, iliyotoka 2024, ile yenye namba bilioni 70, ilifunzwa kwa vipande zaidi ya trilioni 15. Gawanya, ni vipande zaidi ya 200 kwa kila namba moja. Haiwezekani kuvihifadhi vyote neno kwa neno humo. Kilichobaki ni mazoea, nini huwa kinafuata nini na katika mazingira gani. Maandishi machache yanakaririwa kweli, hasa yaliyojirudia mno, kama leseni za programu na nukuu maarufu, na watafiti wameshaonyesha kwamba ukiibana modeli inaweza kutema hata taarifa binafsi za watu zilizokuwa kwenye data, kwahiyo sisemi hakuna ukariri kabisa. Nasema ukariri sio ndo ujuzi wake mkuu.

Kwavile ujuzi umekaa kwenye mazoea na sio kwenye daftari, una tabia za ajabu. Mwaka 2023 watafiti waliiuliza GPT-4, modeli iliyokuja baada ya GPT-3, maswali ya aina ya "mama yake Tom Cruise ni nani?" ikapatia asilimia 79 ya mara. Wakageuza, wakaitajia jina la mama na kuuliza mtoto wake maarufu ni nani, ikashuka mpaka asilimia 33. Taarifa ni ileile moja! NELL isingepata shida hapo, uhusiano ukishaandikwa unausoma toka upande wowote. Modeli ya lugha iko kama mtu anayeujua wimbo vizuri lakini ukimuuliza mstari wa tano ni upi inabidi aanze kuimba toka mwanzo, anaujua ila anaujua kwa kwenda mbele, na sentensi nyingi kwenye maandishi zinaanza na jina la aliye maarufu.

Hapo ndo unaelewa na ule uongo wa kujiamini. Watu wanauliza kwanini AI "inadanganya", wengine wanadhani imefanyiwa makusudi. Hapana. Mashine ileile, kwa njia ileile, inatoa vipande vinavyofaa kufuata. Ukiuliza kitu kilichoandikwa mara elfu, kinachofaa kufuata ndo ukweli. Ukiuliza kitu kilichoandikwa mara mbili, bado kuna kinachofaa kufuata, kina umbo la jibu, kina tarehe, kina jina, ila hakijasimama juu ya kitu. Mwaka 2023 mawakili New York walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi sita ambazo hazikuwahi kuwepo, ChatGPT ilizitunga na majina ya pande zote mbili, wakapigwa faini ya dola 5,000. Umbo la kesi inalijua vizuri mno kwasababu limeandikwa sana. Kesi yenyewe hakuna. Na toni haibadiliki, inasema kwa uhakika uleule yaliyo kweli na yaliyotungwa, kwahiyo kujiamini kwake kusikuambie chochote.

Lingine haraka haraka kwasababu nalo linasumbua: ukibishana nayo leo ukairekebisha, haijajifunza. Namba zake hazisogei wakati mnaongea, mazungumzo yenu yanashikiliwa kwa muda tu. Kampuni inaweza kuja kuyatumia kwenye mafunzo ya toleo lingine, inategemea masharti na mipangilio uliyoiacha, ila sio pale pale.

Kinachoniuma zaidi mimi ni habari ya lugha. Kama kipimo ni kurudiwa basi lugha yenye maandishi machache inaanza ikiwa nyuma. Kwenye data ya GPT-3 karibu asilimia 93 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza, lugha nyingine zote duniani zikagawana kilichobaki. Modeli za baadae zimeongeza lugha, ni kweli, ila bado Kiswahili kwenye mkusanyo kama Common Crawl hakifiki hata asilimia 1. Na ile mashine ya kukata vipande ikifunzwa zaidi kwa Kiingereza inalikata neno la Kiswahili vipande vingi kuliko inavyostahili, sentensi yenye maana ileile inakuwa ndefu zaidi kwa modeli. Utakuta inakujibu Kiswahili kilichonyooka, sarufi safi, lakini ukiingia ndani kwenye mambo ambayo yameandikwa kwa Kiswahili tu na kwa uchache inaanza kubuni. Na sasa mtandao unajaa maandishi yaliyotolewa na modeli zenyewe. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2024 ulionyesha kwamba modeli zikilishwa mazao ya modeli, kizazi baada ya kizazi, vya kwanza kupotea ni vile adimu. Lugha yenye maandishi machache ndo imejaa vitu adimu. Hii sio tofauti sana na NELL na mafaili yake, ni mteremko uleule, ila sasa hakuna daftari la kufungua ukafute.

Wale wa "inasachi tu Google" nao nisiwaache, wana nusu ya ukweli. Siku hizi chatboti nyingi zimeunganishwa na injini ya kutafuta, ukiuliza inaenda kwanza kuleta kurasa chache, inaziweka mbele yake alafu inajibu kwa kuzitumia. Hilo linasaidia kweli, na kwa kiasi linaturudishia kile cha NELL, maana unaweza kubonyeza uone imetoa wapi. Ila kusoma ukurasa sio kuupima. Mwaka 2024 majibu ya AI ya Google yalimshauri mtu aweke gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, na chanzo kilikuwa utani ambao mtu aliuandika kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit miaka 11 nyuma. Modeli ilisoma vizuri tu, haikukosea neno. Kwenye mamilioni ya kurasa utani kama ule ungezama, lakini swali lilikuwa la nadra, kurasa zilizoletwa zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa hiyo.

Kwahiyo ukitaka kujua jibu ulilopewa limetoka wapi kuna jaribio dogo. Angalia kama limekuja na viungo vya kurasa au limekuja tupu. Likija tupu limetoka kwenye zile namba, na hata ukiiuliza "umeitoa wapi hii?" jibu la swali hilo nalo linabashiriwa kwa njia ileile, inaweza kukutajia chanzo ambacho hakipo. Likija na viungo, fungua kimoja uone kama ile sentensi kweli imo. Na kwa kitu ambacho unajua kimeandikwa kidogo, bandika maandishi yenyewe unayoyaamini alafu iulize humohumo, maana hapo haitegemei tena mazoea peke yake, ina ukurasa mbele yake, na wewe unao huohuo wa kulinganisha.